Kikundi cha mazoezi ya programu

Kikundi cha mazoezi ya programu ni kundi la watu wanaokutana mara kwa mara, kwa hiari yao, ili kuandika programu za kompyuta pamoja. Kundi hilo si darasa, kwa sababu halina mwalimu mmoja wala mtihani. Halifanani na kongamano la wataalamu pia, kwa kuwa kazi yake kuu si kusikiliza hotuba. Linatofautiana na hakathoni kwa kuwa hakuna shindano, zawadi wala mshindi. Wanaokuja huketi, hupewa tatizo dogo, hulitatua wakiwa wawili wawili au kwa pamoja, kisha huonyeshana walichoandika.

Umuhimu wa vikundi hivi huonekana zaidi mbali na miji mikubwa. Anayejifunza kuandika programu peke yake katika mji kama Mtwara, ulio zaidi ya kilomita 550 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, anaweza kukwama wiki nzima kwa kosa ambalo mwenzake angeliona kwa dakika mbili. Wengi huachia hapo wakidhani hawana akili ya kompyuta, kumbe walichokosa ni mtu wa kuketi naye.

== Jina ==

Kiswahili hakijawa na jina moja la shughuli hii. Watu husema mkutano wa waandishi wa programu, klabu ya kompyuta, au kikundi cha wapenzi wa lugha fulani ya programu, kwa mfano Python au JavaScript. Katika mazungumzo vijana husema "kukodi" kwa maana ya kuandika msimbo. Neno hilo linafanana kimatamshi na kukodi baiskeli au nyumba, lakini maana ni tofauti.

Msimbo ni maagizo yanayoandikwa katika lugha ya programu ili kompyuta iyatekeleze. Makosa ndani ya msimbo huitwa hitilafu au kasoro. Sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa programu ni kutafuta kasoro hizo, na hiyo ndiyo sehemu inayorahisishwa zaidi na macho ya mtu wa pili.

== Historia ==

=== Duniani ===

Kikundi kinachotajwa zaidi katika historia ya kompyuta ni Homebrew Computer Club ya California, Marekani. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika tarehe 5 Machi 1975 katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park. Waliohudhuria walitaka kuiona Altair 8800, kompyuta ndogo iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Steve Wozniak alikuwa miongoni mwao. Aliibuni kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I akiwa na nia ya kuwaonyesha wenzake wa klabu, na ilianza kuuzwa mwaka 1976.

Nchini Ujerumani, Chaos Computer Club ilianzishwa Berlin mwaka 1981. Huko Cork, Ireland, James Whelton na Bill Liao walianzisha CoderDojo mwaka 2011, vilabu vya bure vya watoto na vijana ambavyo baadaye vilienea katika nchi nyingi. Mwaka 2014, Ola Sitarska na Ola Sendecka walianzisha Django Girls, warsha za siku moja au mbili zinazowafundisha wanawake kutengeneza tovuti yao ya kwanza.

=== Tanzania na Afrika Mashariki ===

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo wakati wapenzi wa kompyuta walipokuwa wakikutana katika gereji ya Menlo Park, mwanafunzi wa Kitanzania hakuwa na njia ya kawaida ya kupata kompyuta ya kujifunzia. Pengo hilo linaeleza kwa sehemu kwa nini vilabu vya aina hii vilichelewa kutokea.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Mradi huo ulionyesha kwamba programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kusoma na kubadilisha msimbo wake, inaweza kufanyiwa kazi hapa nchini.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya kebo ya chini ya bahari ya SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009. Mwaka 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi, ikawa mahali ambapo waandishi wa programu wangeweza kuketi, kutumia intaneti na kukutana. Mwaka huohuo AkiraChix ilianzishwa Nairobi kwa ajili ya wanawake katika teknolojia. Dar es Salaam ilipata kumbi kama Kinu, na Buni iliyo chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mwaka 2013 Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, inayowafundisha wasichana wa Tanzania kuandika programu kupitia vilabu vya shuleni.

Mfano mwingine ni Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora pamoja ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Walichokuwa wakiandika ni data za ramani, lakini utaratibu ulikuwa uleule wa kukaa pamoja, kugawana kazi na kusahihishana.

Mikutano mikubwa pia imefanyika katika eneo hili na barani kwa jumla. PyCon Africa ya kwanza ilifanyika Accra, Ghana, mwaka 2019, na DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023. Mikutano hiyo hukusanya watu kwa siku chache kisha hutawanyika. Vikundi vidogo vya mitaani ndivyo vinavyoendelea na mazoezi kati ya mkutano mmoja na mwingine.

== Aina za mazoezi ==

'''Kuandika wawili wawili.''' Watu wawili hutumia kompyuta moja. Mmoja huandika na mwingine hufuatilia, huuliza na kuelekeza. Baada ya dakika chache hubadilishana. Njia hii ilijulikana sana kupitia Kent Beck, Mmarekani aliyeieleza katika mafunzo yake kuhusu namna ya kuunda programu mwishoni mwa miaka ya 1990. Inafaa mahali penye kompyuta chache, kwa kuwa uhaba wenyewe huwalazimisha watu kushirikiana.

'''Kuandika kwa kundi zima.''' Kompyuta moja huunganishwa na projekta au televisheni. Mtu mmoja huandika, lakini haandiki wazo lake mwenyewe, bali anaandika yale ambayo kundi limekubaliana. Kila baada ya dakika tano hadi kumi mwandishi hubadilishwa. Asiyejua kitu huweza kuandika siku ya kwanza kwa sababu anaongozwa.

'''Kata.''' Jina hili limetoka katika michezo ya kujihami ya Kijapani, ambako mwanafunzi hurudia mwendo uleule hadi mwili uuzoee. Dave Thomas alilitumia kwa mazoezi madogo ya programu yanayorudiwa mara nyingi. Lisichanganywe na kata ya utawala, kama Kata ya Ufukoni au Kata ya Chuno. Vikundi vya Kiswahili vinaweza kusema tu "zoezi".

'''Dojo.''' Ni mkutano wa mazoezi ulioanza Paris, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa juhudi za Laurent Bossavit na Emmanuel Gaillot. Wazo lao lilikuwa kwamba mwanamuziki hufanya mazoezi kabla ya tamasha, ilhali mwandishi wa programu hujifunzia kazini mbele ya mteja. Dojo humpa mahali pa kukosea bila hasara.

'''Siku ya kufuta.''' Mtindo huu ulibuniwa Marekani mwaka 2009. Washiriki hutatua tatizo moja kwa vipindi vya dakika 45, na kila kipindi kinapokwisha hufuta msimbo wote na kuanza upya na mwenzi mwingine. Tatizo linalotumika mara nyingi ni "Mchezo wa Maisha" uliobuniwa na mwanahisabati Mwingereza John Conway mwaka 1970. Kufuta kunamwondolea mshiriki hamu ya kumaliza, akabaki na hamu ya kuandika vizuri.

== Mfano wa zoezi: saa za Kiswahili ==

Zoezi zuri huelezeka kwa sentensi moja, halihitaji intaneti, na lina mitego inayoonekana baada ya kuanza. Mfano ni huu: ''Andika programu inayopokea saa ya mtindo wa 24, kama 14:30, na kuitoa kwa Kiswahili, kama saa 8:30 mchana.''

Kundi huanza kwa kuorodhesha majibu yanayotarajiwa kabla ya kuandika msimbo wowote:

* 07:00 ni saa 1 asubuhi
* 14:00 ni saa 8 mchana
* 18:00 ni saa 12 jioni
* 00:00 ni saa 6 usiku
* 03:00 ni saa 9 usiku

Orodha hii huitwa majaribio. Programu itakubaliwa ikitoa majibu hayo yote.

Wengi huanza na kanuni ya kutoa 6. Saa 14 ukitoa 6 unapata 8, ambayo ni sahihi. Saa 19 ukitoa 6 unapata 13, kwa hiyo unagawanya kwa 12 na kuchukua baki, yaani 1. Saa 18 inaleta baki 0, na hapo lazima programu iambiwe kwamba 0 isomwe 12. Mpaka hapa kila jozi inaendelea vizuri.

Mtego uko kwenye saa 3 ya usiku wa manane. Ukitoa 6 unapata hasi 3. Katika Python, baki ya hasi 3 kwa 12 ni 9, na jibu ni sahihi. Katika JavaScript, C na Java, baki ya hesabu hiyohiyo ni hasi 3, na programu itatangaza "saa hasi 3". Kwa hiyo jozi mbili zenye kanuni moja zinaweza kupata majibu mawili tofauti, na hakuna iliyokosea hesabu. Lugha zenyewe ndizo zinazotofautiana katika kushughulikia namba hasi.

Suluhisho ni rahisi likishaonekana: badala ya kutoa 6, ongeza 6. Saa 3 ukiongeza 6 ni 9. Saa 0 ukiongeza 6 ni 6. Saa 14 ukiongeza 6 ni 20, na baki yake kwa 12 ni 8. Namba hasi haitokei tena, na kanuni inafanya kazi katika lugha zote. Mtu anayetumia Python peke yake nyumbani asingeugundua mtego huu hadi siku atakapohamia lugha nyingine.

Sehemu ya pili ya zoezi ni ngumu zaidi ingawa haina hesabu. Jioni inaanza saa ngapi? Saa 10 ni alasiri, mchana au jioni? Alfajiri inaishia wapi? Watu waliozungumza Kiswahili tangu utotoni huanza kubishana, na kundi hugundua kwamba kabla ya kuandika programu ni lazima kuamua maana ya maneno. Huo ndio ugumu unaowakabili waandishi wa programu za hospitali, benki na vyama vya ushirika: mteja anajua anachotaka, lakini hajawahi kulazimika kukieleza bila utata. Kundi likitaka kuendelea, linaweza kujiuliza programu ifanye nini na usemi kama "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambao unaanza wakati kalenda ya kompyuta bado inasoma Alhamisi.

== Kuandaa mkutano ==

=== Watu ===

Watu watatu wanatosha kuanza. Wakiwa kumi na wawili, kompyuta na nafasi ya kuzungumza huanza kuwa haba, na ni vyema kugawana makundi. Si lazima awepo mtaalamu. Kinachohitajika ni mtu mmoja aliyelijaribu zoezi la siku hiyo kabla ya wengine, ili ajue mtego uko wapi.

=== Mahali ===

Mahali pazuri pana meza, kivuli, umeme na choo, na msichana anaweza kufika na kuondoka salama. Kwa kawaida hutumika chumba cha maktaba, darasa la chuo lisilotumika mwisho wa wiki, ofisi ya shirika au ukumbi wa jumuiya. Baa na vyumba vya kupangisha havifai, kwa kuwa huwafungia mlango wanafunzi na wazazi wengi.

=== Siku na saa ===

Siku iliyotangazwa isibadilishwe ovyo. Kikundi kinachokutana kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu, hata wakija wanne tu, hudumu kuliko kile kinachosubiri watu wawe wengi. Vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama vikoba, vinafuata kanuni hiyohiyo: siku inajulikana, saa inajulikana, na mkutano haumsubiri mtu.

Ratiba ya saa mbili inaweza kuwa hivi:

* dakika 10: salamu na kumkaribisha mgeni
* dakika 15: kueleza tatizo na kuandika majaribio
* dakika 45: kuandika wawili wawili
* dakika 10: pumziko
* dakika 25: kila jozi kuonyesha msimbo wake, pamoja na palipowashinda
* dakika 15: kuchagua zoezi lijalo na atakayeliandaa

Kipindi cha kuonyeshana kisikatwe hata muda ukiwa mfupi. Mtu anayeonyesha kosa lake mbele ya wenzake na kusaidiwa atarudi wiki ijayo. Anayeondoka bila kuonyesha chochote huenda asirudi.

=== Vifaa ===

Kompyuta mpakato moja kwa watu wawili au watatu inatosha. Asiye na kompyuta anaweza kujifunza Python kwenye simu janja ya Android kwa kutumia programu kama Pydroid 3 au Termux, ingawa kuandika kwa kidole kunachosha na hakufai kwa msimbo mrefu. Waya wa kuongeza umeme wenye soketi nyingi ni muhimu kuliko projekta.

Intaneti ni msaada, isiwe sharti. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Hata siku za kawaida, bando la mwanafunzi huisha. Kwa sababu hiyo mwandalizi hupakua mapema vifaa vinavyohitajika na kuviweka kwenye flashi: programu ya kusakinisha Python, mwongozo wake rasmi, na kihariri cha msimbo. Kiwix huwezesha kusoma ensaiklopidia na kurasa za maswali na majibu bila mtandao. Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hufanya kazi zake nyingi bila intaneti, na watu wanaweza kubadilishana msimbo kwa flashi.

=== Gharama ===

Mkutano wa kawaida unaweza kufanyika bila fedha. Kila mtu huja na maji yake. Kikundi kinachoanza kwa soda, vitafunio na nauli kutoka kwa mfadhili huwa katika hatari siku mfadhili anapoondoka, kwa sababu waliozoea posho huondoka naye. Mchango mdogo wa wanachama kwa ajili ya kununua waya au flashi huwafanya waone kikundi ni chao.

== Mazingira ya Mtwara ==

Mtwara Mjini ina vyuo ambavyo wanafunzi wake wanaweza kuunda kikundi cha namna hii, vikiwemo Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania, vyuo vya ualimu na VETA. Mara nyingi wanafunzi wa chuo kimoja hawajuani na wa chuo kingine. Kikundi kinachokutana nje ya vyuo, kwa mfano katika kata za Shangani au Ufukoni, huwakutanisha na watu wasio wanafunzi: fundi simu, karani wa chama cha ushirika, mwalimu wa hesabu.

Ratiba hufuata maisha ya pwani. Ijumaa mchana ni wakati wa swala, na Jumapili asubuhi ni wakati wa ibada kwa Wakristo. Katika mwezi wa Ramadhani mkutano wa jioni hugongana na futari, hivyo huhamishiwa asubuhi. Msimu wa korosho, ambao minada yake huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, huwapeleka vijana wengi mashambani na kwenye maghala. Kikundi chenye busara hupunguza mikutano katika miezi hiyo na kutangaza mapema tarehe ya kurudi, kuliko kuendelea na viti vitupu hadi kife.

Wakazi wa Msimbati, Kilambo na vijiji vingine vya kuelekea mdomo wa Ruvuma hawawezi kulipa nauli ya mjini kila wiki. Njia moja ni kuwapa zoezi kwenye flashi na kukutana nao mara moja kwa mwezi. Nyingine ni kikundi kusafiri kwenda shule ya sekondari ya huko. Ujumbe wa simu unafaa kwa kutangaza siku, lakini haushiki nafasi ya kuketi pamoja, kwa sababu kosa la mwanafunzi mara nyingi liko kwenye mstari ambao hakuutuma.

Mazingira yenyewe hutoa mazoezi. Mkulima aliyeleta kilo 62.5 za korosho ghalani alipwe kiasi gani baada ya makato, na programu ifanye nini karani akiandika kilo hasi? Maji yakijaa leo saa 4:15 asubuhi, yatajaa tena lini, ikiwa kati ya kujaa na kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25? Mvuvi anajua jibu bila kompyuta, na anaweza kuwa mkaguzi mzuri wa programu.

== Lugha ==

Maneno ya msingi ya lugha nyingi za programu yametokana na Kiingereza, na mwongozo mwingi pia. Hata hivyo mazungumzo ya kikundi si lazima yawe kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeeleza kwa Kiswahili kwa nini programu yake inarudia hatua ileile bila kukoma ameelewa zaidi kuliko anayekariri istilahi. Desturi inayosaidia ni kuweka daftari moja ambamo kila neno geni huandikwa pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili chepesi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo huwa kitabu cha kumpa mgeni.

== Matatizo ya kawaida ==

'''Mjuzi mmoja kutawala.''' Mtu anayejua sana hunyakua kompyuta na kumaliza zoezi peke yake. Dawa ni kanuni kwamba anayejua zaidi haandiki, bali anaelekeza kwa maneno.

'''Hotuba kuchukua nafasi ya mazoezi.''' Wageni mashuhuri huvutia watu kwa siku moja. Mkutano ukiwa wa kusikiliza kila mara, anayeanza hubaki alipokuwa.

'''Wasichana kuondoka.''' Msichana akiwa peke yake kati ya vijana kumi, au akipewa kazi ya kuandika mahudhurio badala ya msimbo, hatarudi. Inasaidia kuwaalika wawili au watatu pamoja, kumaliza mkutano kabla ya giza, na kuwapa zamu ya kuongoza kama wengine.

'''Kiongozi kuhama.''' Anayepata ujuzi mara nyingi hupata kazi Dar es Salaam au Dodoma. Hilo ni mafanikio, lakini kikundi hufa kama ufunguo wa chumba, flashi na orodha ya simu vilikuwa kwake peke yake. Kwa hiyo kazi ya kuandaa zoezi huzungushwa tangu mwezi wa kwanza, na vitu vya kikundi hujulikana na watu wawili.

== Sheria na usalama ==

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Kwa kikundi kidogo, kuiheshimu kunamaanisha mambo ya kawaida ya adabu: kutokusanya taarifa zisizohitajika, kutosambaza namba za simu za wanachama bila ruhusa, na kuomba kibali kabla ya kupiga picha. Kwa walio chini ya miaka 18 kibali cha mzazi au mlezi kinatakiwa. Mazoezi yatumie majina na namba za kubuni, si orodha halisi ya wakulima au wagonjwa, hata kama mwanachama anaweza kuipata kazini kwake.

Kikundi kikianza kupokea fedha au kuomba mkopo wa halmashauri, inabidi kisajiliwe, na hatua ya kwanza ni kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo ya halmashauri hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

== Faida na mipaka ==

Kikundi cha mazoezi hakitoi cheti, na hakiwezi kuchukua nafasi ya masomo ya algorithimu, hisabati au mitandao yanayofundishwa chuoni. Hakimhakikishii mtu ajira. Kinachotoa ni mazoea ambayo cheti hakiyapimi: kusoma msimbo wa mtu mwingine, kueleza wazo kwa utaratibu, kukubali kusahihishwa, na kujaribu programu kabla ya kuitoa.

Kipimo cha kikundi si idadi ya waliokuja siku ya uzinduzi. Kinaweza kupimwa kwa swali moja baada ya miezi sita: je, yupo mtu ambaye siku ya kwanza hakuweza kuandika mstari mmoja, na sasa ndiye anayeandaa zoezi la Jumamosi ijayo?